Uchambuzi wa Kisa: Bunduki ya Wenzo Iliyovuliwa Darubini

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu mwindaji mwenye leseni, aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 60, na bunduki yake ya wenzo, yaani ile inayokokwa kwa kusukuma mbele na kurudisha nyuma mpini wa pete ulio chini ya kifyatulio. Majina, mahali na kila alama inayoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Vilivyobaki ni aina ya bunduki, vipimo na mfuatano wa matukio. Tutamwita Mwindaji, na mtu aliyemsaidia tutamwita Fundi. Kisa hiki kinafaa kusomwa kwa makini kwa sababu darubini iliyofungwa kwenye bunduki hii haikuwa mbovu, ilifungwa imara, na uwanjani ilipiga shabaha vizuri kuliko kilengeo kilichotangulia, lakini porini ilishindwa kabisa.

Usuli

Bunduki yenyewe ni Marlin 336 ya kaliba ya .30-30. Muundo huo ulianza kutengenezwa mwaka 1948, ijapokuwa risasi ya .30-30 ni kongwe zaidi, kwani iliingia sokoni mwaka 1895 ikiwa imekusudiwa bunduki ya Winchester Model 1894 iliyosanifiwa na John Browning. Katika bunduki za jamii hii magazini ni bomba lililolala chini ya mtutu, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya iliyo nyuma ikielekea kwenye fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni, ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana risasi zake huwa na ncha bapa au butu: ncha kali ingeweza kuigonga fataki wakati bunduki inapopiga teke na kuilipua risasi ndani ya bomba. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta risasi zenye ncha kali ya plastiki laini zilizokusudiwa magazini za aina hii, lakini Mwindaji aliendelea na zile za zamani.

Ncha bapa ina gharama yake, kwa kuwa hewa huipunguzia risasi kasi mapema. Risasi yenye uzito wa greni 170, yaani gramu 11 hivi, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 670 kwa sekunde. Bunduki ikisawazishwa kwa yadi 100, ambazo ni mita 91, yaani ikirekebishwa ipige pale pale inapolengwa kwa umbali huo, risasi hiyo huwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 20 ifikapo yadi 200. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu linaamua ni umbali gani unaostahili kufikiriwa kabla hata ya kuzungumzia lenzi.

Mwindaji aliwinda nguruwe mwitu katika kichaka kizito. Mara nyingi alipiga akiwa umbali usiozidi mita 70, akiwa amesimama au ameegemea mti, na alikuwa na sekunde chache tu kati ya kumwona mnyama na kumkosa. Kwa miaka mingi alitumia vilengeo vya kiwandani: pengo lililochongwa kwenye kipande cha chuma juu ya mtutu, na ushanga mdogo wa shaba karibu na mdomo wa mtutu.

Tatizo lilivyoanza

Vilengeo vya namna hiyo hulidai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja, yaani pengo lililo karibu nusu mita kutoka usoni, ushanga ulio mbele yake, na mnyama aliye mbali. Kijana huweza kulihamisha jicho baina ya vitu hivyo kwa haraka kiasi cha kudhani anaviona vyote sawasawa. Umri unapoongezeka, lenzi ya jicho hukakamaa na vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Kwa Mwindaji, pengo ndilo lililotangulia kupotea, huku ushanga na mnyama vikiendelea kuonekana.

Kasoro hii haikujitangaza. Kingo za pengo zilipopata ukungu, Mwindaji alianza, bila kukusudia, kuuinua ushanga juu ya pengo ili auone vizuri, na ushanga ukiinuliwa hivyo mdomo wa mtutu nao huinuka. Alimpiga nguruwe aliyekuwa umbali wa hatua zipatazo sitini, risasi ikapita juu sana mgongoni, na mnyama akakimbia akiwa na jeraha. Alipatikana siku iliyofuata, baada ya kuteseka usiku kucha. Mwindaji aliapa kutoingia tena kichakani kabla hajapata dawa ya macho yake, na uamuzi huo ulikuwa wa heshima. Ila dawa aliyoikimbilia haikuwa ya ugonjwa huo.

Uamuzi wa kwanza

Alinunua darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya mbele ya milimita 40. Sababu zake zilikuwa za kueleweka. Darubini huiweka alama ya kulengea na mnyama katika taswira moja, hivyo jicho halina haja ya kuhama. Bunduki yake nayo hutoa ganda kwa ubavuni na ina sehemu ya juu iliyozibwa, yenye matundu ya skrubu tayari, kwa hiyo kufunga darubini hakukuhitaji kutoboa chuma. Tena, darubini ya kipimo hicho ndiyo inayoonekana kwenye bunduki nyingi za kuwindia, na muuzaji hakumuuliza angeifunga kwenye bunduki ya aina gani.

Pete za kuishikilia zilikuwa ndefu. Alizichagua hizo ili lenzi ya mbele isigusane na kilengeo cha zamani, ambacho hakutaka kukiondoa. Hapo ndipo kosa la msingi lilipofanyika, na ni kosa la milimita. Ushanga na pengo vilikaa karibu sentimita 2 juu ya kitovu cha mtutu. Kitovu cha darubini kilikaa karibu sentimita 4.5 juu yake. Kwa maneno mengine, jicho lilitakiwa kupanda sentimita 2.5, ilhali kitako cha bunduki kilibaki kile kile, kilichochongwa kikiwa na mgongo wa chini kwa ajili ya vilengeo vya chini.

Uwanjani, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga, matundu yaliyokuwa yakitapakaa kwa upana wa sahani yalikusanyika ndani ya sentimita 5 hivi kwa mita 100. Mwindaji aliridhika. Lakini kwenye benchi mtu ana muda wa kuinua kichwa, kulitafuta jicho la darubini, kutulia na kuvuta pumzi. Benchi lilipima ubora wa darubini na wa risasi, na halikupima hata kidogo namna mtu, kitako na darubini vinavyokutana katika sekunde moja.

Yaliyotokea porini

Jambo la kwanza lilikuwa shavu. Kila alipoiweka bunduki begani, shavu lilitua mahali lilipozoea, na alichokiona ni weusi. Ilimlazimu kuliinua shavu hadi kidevu ndicho kikawa kinagusa kitako. Kichwa kisichoegemea kitu huyumba, na jicho likiyumba nyuma ya darubini, kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mchanga huingia upande mmoja wa taswira na kutoka upande mwingine.

La pili lilikuwa ukuzaji. Alfajiri moja alikuwa ameikaza darubini kwenye 9 ili achunguze ukingo wa kichaka, akasahau kuirudisha. Kwa ukuzaji huo darubini nyingi huonyesha upana wa mita 4 hivi kwa umbali wa mita 100, ambao kwa mita 30 ni kama mita 1.2 tu. Nguruwe alipotokea kwenye umbali huo, Mwindaji aliona manyoya meusi yaliyojaa lenzi nzima, bila kichwa wala mguu wa kumwonyesha bega liko wapi. Hakufyatua, na hilo lilikuwa jambo jema.

La tatu ndilo lililokuwa la hatari. Bunduki hii ina nyundo ya nje, na toleo lake lilikuwa la kabla ya kufungwa kwa kizuizi cha usalama cha kubonyeza ubavuni. Mtu asiyefyatua hana budi kuishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba, risasi ikiwa chemba. Darubini ilikuwa imeinama juu ya nyundo, na kiendelezo cha nyundo, kile kipande kidogo kinachochomoza ubavuni ili kidole kipate pa kushika, hakikuwa kimefungwa. Kidole gumba, kikiwa ndani ya glavu, kilibanwa kati ya nyundo na darubini, kikateleza. Mtutu ulikuwa umeelekezwa ardhini, na Mwindaji alikuwa ameshakiachia kifyatulio mara tu nyundo ilipoanza kusogea, hivyo nyundo ilinaswa kwenye pengo la nusu njia, yaani mkato wa nyundo unaoizuia isifike mbele kifyatulio kisipovutwa, na bunduki haikulia.

Kwa kuongezea, bunduki ilipoteza ule wepesi wa kuishika kwa mkono mmoja katikati ya mwili wake, mahali inapolingana mizani, kwa kuwa sasa mahali hapo pamekaliwa na pete na bomba la darubini.

Kupima upya

Mwindaji aliipeleka bunduki kwa Fundi akiomba afungiwe kiendelezo cha nyundo. Fundi aliichukua, akaufungua wenzo, akatazama chemba na kuingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi, akahakikisha bomba nalo ni tupu, kisha akairudisha mikononi mwa mwenyewe. Alisema: “Mzee, hebu fumba macho. Iweke begani unavyoiweka siku zote, usijirekebishe. Sasa fumbua, uniambie unaona nini.”

Mwindaji alisema anaona pete ya nyuma na sehemu ya chini ya bomba. Fundi aliifungua darubini, akaiondoa, wakarudia. Safari hii macho yalipofumbuka ushanga ulikuwa umesimama mbele ya jicho, na pengo, ijapokuwa lina ukungu, lilikuwa chini yake moja kwa moja. Walirudia mara kadhaa na jibu likawa lile lile.

Jaribio hili halihitaji risasi wala uwanja, na kwa maoni yangu lingepaswa kufanywa kabla ya senti yoyote kutoka mfukoni, kwa sababu linajibu swali ambalo hakuna maelezo ya kiwanda yanayoweza kulijibu: jicho la mtu huyu, kwa kitako hiki, linatua kwenye kimo gani?

Kisha walizungumzia njia zilizokuwepo. Darubini ndogo isiyobadilika, ya kukuza mara 2.5 yenye lenzi ya milimita 20, ilikuwa mshindani wa kweli. Bomba lake halitanuki mbele, hivyo linaweza kukaa chini kabisa kwenye pete fupi. Upana wake wa kuona ni mkubwa. Na mwanga unaotoka nyuma yake una kipenyo cha milimita 8, ambacho hupatikana kwa kugawanya lenzi kwa ukuzaji, na ambacho kinatosha hata mboni iliyopanuka gizani. Darubini ya mwanzo ikiwa kwenye 9 ilitoa milimita 4.4 tu. Hata hivyo hiyo ndogo nayo ingehitaji kiendelezo cha nyundo, na mgongo wa kitako ungelazimika kuinuliwa kidogo.

Kilengeo cha nukta nyekundu kilimvutia Mwindaji, kwa sababu hakimlazimishi mtu kuweka jicho kwa umbali maalumu nyuma yake na humruhusu kutazama kwa macho yote mawili. Alipojaribu cha mwenzake, nukta haikuwa nukta. Aliona mchirizi mwekundu wenye mkia, kama alama ya mkato. Fundi alimwambia atazame kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye kipande cha karatasi, na nukta ikawa ya mviringo. Kwa hiyo kasoro haikuwa ya kifaa, ilikuwa ya jicho lenye astigmatizimu, yaani lisilo na mviringo sawa kwa mbele. Njia ya kufunga darubini mbele kabisa juu ya mtutu, iliyoenezwa na Jeff Cooper, huiacha nyundo na sehemu ya kushikia zikiwa wazi, lakini jua likiwa nyuma ya mpigaji hung'aa kwenye lenzi ya nyuma, na Mwindaji alizoea kukaa na jua mgongoni. Iliachwa bila mjadala mrefu.

Uamuzi wa pili

Waliamua kufunga kilengeo cha tundu nyuma ya mwili wa bunduki, karibu na jicho, pamoja na ushanga mpya mbele.

Sababu kubwa ni kwamba kilengeo cha tundu kinaondoa kitu kimoja kati ya vile vitatu. Mtu halitazami tundu, anatazama kupitia kwake, na jicho lenyewe hutafuta katikati, mahali penye mwanga mwingi. Aidha, tundu dogo hunoa kinachoonekana mbele yake, kama karatasi ya Fundi ilivyonoa nukta, hivyo ushanga na mnyama huonekana kwa uwazi unaokaribiana. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele uliongezeka kutoka takriban sentimita 40 hadi sentimita 62, na kadiri umbali huo unavyokuwa mrefu ndivyo kosa dogo la kupanga vilengeo linavyopungua athari. Uzito ulioongezeka ni mdogo kiasi cha kutohisiwa, nyundo ilibaki wazi, na shavu lilibaki pale pale lilipozoea kutua.

Kazi ya kufunga ilikuwa na kikwazo kimoja kinachowakuta wengi. Kilengeo kiliposhushwa hadi mwisho, bunduki bado ilipiga sentimita 15 juu ya shabaha kwa mita 50, kwa sababu tundu lilikaa juu kuliko pengo la zamani wakati ushanga ulikuwa na kimo kile kile. Dawa yake ni ushanga mrefu zaidi, na urefu unaohitajika hukokotolewa bila kubahatisha: umbali kati ya vilengeo huzidishwa kwa kiasi cha kukosea, kisha hugawanywa kwa umbali wa shabaha. Kwa milimita, 620 mara 150 ni 93,000. Gawanya kwa 50,000, unapata 1.86. Fundi alifunga ushanga mrefu zaidi kwa takriban milimita 1.9, na marekebisho madogo yaliyobaki yakafanywa kwa skrubu za kilengeo cha nyuma.

Upana wa ushanga nao ulijadiliwa. Ushanga wa milimita 1.6 ulio sentimita 85 kutoka jichoni hufunika karibu sentimita 19 kwa mita 100, ambao ni upana unaokaribia sehemu yote ya kifua anayopaswa kuilenga mtu. Mwembamba zaidi ungefunika kidogo lakini ungechelewa kuonekana kichakani. Walibaki na 1.6, na Mwindaji akakubali kwamba mita 100 ndio mpaka wake.

Matokeo

Akiwa ameketi na kuegemea, risasi zake ziliingia ndani ya upana wa kiganja kwa mita 100. Upana huo ni mbaya kuliko wa darubini kwenye benchi, na ni mzuri kwa mtu aliyeketi chini. Katika msimu uliofuata nguruwe aliowapiga walikuwa kati ya mita 25 na 60, na hakuna aliyekimbia mbali. Aliacha pia kutumia kifaa cha bunduki kumchunguza mnyama; alianza kubeba darubini ndogo ya macho mawili shingoni, hivyo mtutu haukuelekezwa tena kwa kitu ambacho hakijatambuliwa.

Lakini jioni ilimshinda. Jua lilipozama, tundu lilipunguza mwanga uliokuwa umebaki, na ushanga wa shaba ukapotea juu ya ngozi nyeusi ya mnyama. Fundi alimshauri aikongoe ile sahani ndogo yenye tundu, abaki na pete pana iliyoishikilia. Mwanga uliongezeka na wepesi pia, ijapokuwa ushanga uliendelea kumezwa na weusi dakika za mwisho. Kuna wanyama aliowaacha wapite kwa sababu hiyo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba katika awamu ya pili swali la kimo cha jicho lilitangulia swali la ukuzaji. Kitako, shavu na jicho ndivyo vinavyoamua kilengeo kitakaa wapi, kisha umbali wa kupiga ndio unaoamua kama ukuzaji una kazi. Kwa risasi ya ncha bapa na kichaka kisichoruhusu zaidi ya mita 70, sehemu kubwa ya uwezo wa ile darubini ya 3 hadi 9 haikuwa na pa kutumika, ilhali gharama zake zote, yaani kimo, uzito, upana finyu na nyundo iliyofunikwa, zililipwa kila siku.

Kilichoshindwa si darubini kama kifaa. Ingefungwa kwenye pete fupi, kilengeo cha zamani kikaondolewa, mgongo wa kitako ukainuliwa na nyundo ikapewa kiendelezo, huenda malalamiko mengi yasingekuwepo. Kufunga darubini juu ya nyundo ya nje bila kiendelezo ni jambo nisilolionea udhuru wowote, kwa maana bunduki ilinusurika kulia kwa sababu ya kidole kilichoachia kifyatulio mapema na pengo moja dogo la chuma.

Uamuzi wa pili nao una upungufu wake. Hakuna aliyempeleka Mwindaji kwa daktari wa macho kwanza. Miwani yenye kipimo chake cha kuonea mbali, iliyoongezwa karibu diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 0.5 hadi 0.75 kwa jicho la kulengea, huuleta ushanga kwenye uwazi bila kumpoteza mnyama, na baadhi ya wapigaji wenye umri wake hawahitaji zaidi ya hapo wakiwa na kilengeo cha tundu. Aliipata baadaye, na alikiri kwamba ilimsaidia.

Kama bunduki ingekuwa nyingine

Hitimisho lingebadilika kwa bunduki nyingine za wenzo. Winchester 94 za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hurusha ganda juu moja kwa moja, hivyo darubini haiwezi kukaa juu ya mwili wake. Mwenye bunduki hiyo anabaki na kilengeo cha tundu, darubini ya ubavuni au ya mbele. Kwa upande mwingine, Savage 99 haina nyundo ya nje wala magazini ya bomba, na Browning BLR hutumia magazini ya kasha. Zote mbili hukubali risasi zenye ncha kali zinazofika mbali. Kwa bunduki hizo, kwa mtu anayewinda uwandani, darubini ya ukuzaji wa kati inastahili nafasi yake.

Na kwa Mwindaji mwenyewe, macho yakizidi kufifia hadi ushanga nao upotee mchana, Fundi ameshaandaa hatua inayofuata: darubini ya mara 2.5 kwenye pete fupi, kiendelezo cha nyundo, na pedi ya ngozi ya kufungwa kwa kamba juu ya mgongo wa kitako, itakayoongezwa unene kidogo kidogo hadi macho yanapofumbuliwa taswira iwe imejaa bila kusogeza kichwa.